Dola 800 kwa dola 20,000: kesi ya Liebeck ikitazamwa kutoka meza ya utetezi

Wengi wanaikumbuka kesi ya Liebeck dhidi ya McDonald's, ya mwanamke aliyeunguzwa na kahawa ya kampuni hiyo ya migahawa, kwa namba moja tu, dola milioni 2.7. Wakili anayetetea wadaiwa katika kesi za fidia anapaswa kuanza na namba mbili nyingine, zilizokuwa mezani muda mrefu kabla juri, yaani jopo la raia wanaoamua kesi, haijaketi: dola 20,000 alizoomba mdai, na dola 800 alizopewa. Pengo la dola 19,200 ndilo lililoipeleka kesi hii mahakamani. Makosa mengi yaliyofuata yana mzizi wake hapo.

Kilichotokea

Tarehe 27 Februari 1992, mjini Albuquerque katika jimbo la New Mexico, Stella Liebeck, mwenye umri wa miaka 79, alikuwa abiria kwenye gari la mjukuu wake. Walinunua kahawa ya senti 49 katika dirisha linalohudumia wateja wakiwa ndani ya magari. Mjukuu alisogea mbele akasimamisha gari ili bibi yake atie maziwa na sukari. Gari halikuwa na sehemu ya kushikilia kikombe, hivyo alikibana katikati ya magoti, akavuta kifuniko, na kahawa ikamwagika yote. Suruali yake ya pamba iliinyonya na kuishikiza kwenye ngozi ya mapaja, kinena na makalio.

Asilimia 6 ya ngozi yake iliungua kwa daraja la tatu, yaani kina chote cha ngozi, na majeraha mepesi zaidi yalifikia asilimia 16. Alilazwa siku nane na kupandikizwa ngozi. Gharama za matibabu zilizokwisha kulipwa zilikuwa takriban dola 10,500, zilizotarajiwa takriban 2,500, na binti yake aliyemuuguza alipoteza kipato cha takriban 5,000. Jumla inakaribia dola 18,000. Ombi lake la 20,000 lilikuwa, kwa maneno mengine, ombi la kurudishiwa gharama. Hapakuwa na fungu la maana kwa ajili ya maumivu wala makovu.

Mtu anayeuguza majeraha ya aina hiyo na kuomba gharama tu anatoa fursa adimu kwa mdaiwa. Jibu la dola 800 halikulipa hata sehemu ya kumi ya bili ya hospitali. Wakili wa utetezi anayesoma jalada kama hili ajiulize mapema: ofa hii itamfanya mdai akubali, au itamfanya atafute wakili?

Tathmini ya kwanza

Jalada linapofika ofisini, kazi ya kwanza ni ripoti ya tathmini. Kampuni nyingi za bima, ambazo ndizo humlipa wakili wa utetezi, huitaka ndani ya siku 60 au 90. Ndani yake kuna uwezekano wa mdaiwa kuonekana na hatia, kiwango cha fidia kinachoweza kutolewa, mashahidi wa kila upande na jinsi watakavyoonekana kizimbani, sifa za wakili wa mdai, bajeti ya uwakili hatua kwa hatua, na kiwango kinachopendekezwa kwa mapatano. Ripoti hii ndiyo inayomjenga au kumbomoa wakili wa utetezi katika taaluma yake, kuliko hata ushindi mahakamani. Mteja hukumbuka kwa miaka kama aliambiwa ukweli mapema.

Hoja ya kwanza inayomjia kila mtu katika kesi hii ni kwamba mama alijimwagia mwenyewe. Ni kweli, na ni hoja halali. Swali ni ina uzito gani katika sheria ya jimbo husika. Katika Alabama, Maryland, North Carolina na Virginia, uzembe wa mdai, hata ukiwa mdogo, kwa kawaida unaweza kufuta dai lote la uzembe. Majimbo mengi hufuta dai pale tu lawama ya mdai inapofika au kuvuka nusu. New Mexico haimo katika makundi hayo. Tangu mwaka 1981, katika kesi ya Scott dhidi ya Rizzo, mahakama yake ya juu ilipitisha mgawanyo kamili wa lawama: mdai mwenye asilimia 90 ya lawama bado analipwa asilimia 10 ya hasara yake. Kwa hiyo hoja ya «alijimwagia mwenyewe» hupunguza malipo, haizuii dai. Wakili anayeijengea utetezi wote anautegemeza juu ya kitu ambacho kikikubalika bado kinaacha deni.

Hesabu ya kawaida ni hii: uwezekano wa kushindwa, mara fidia inayotarajiwa, mara sehemu ya lawama itakayobaki kwa mdaiwa, kisha ongeza gharama za kuendesha kesi. Tuweke makadirio ya mfano, tena yanayoupendelea utetezi. Uwezekano wa kushindwa asilimia 30. Fidia ya dola 150,000, kwa sababu ya upandikizaji wa ngozi na makovu ya kudumu. Lawama nusu kwa nusu. Inatoka dola 22,500. Tayari imepita ombi la mdai, na hatujamlipa mtaalamu hata mmoja. Ukiongeza uwezekano wa asilimia 5 tu wa fidia ya adhabu (pesa juu ya hasara, za kumwadhibu mdaiwa) ya dola 500,000, unaongeza 25,000, na jumla inafika 47,500. Hakuna makadirio yenye busara yanayofanya dola 800 kuwa jibu.

Kuna kosa linalojirudia katika hesabu hizi: kupima thamani ya kesi kwa bili zilizokwisha kulipwa na kusahau picha. Picha za majeraha ya daraja la tatu zikiwekwa mbele ya watu kumi na wawili, bili hugeuka kuwa sehemu ndogo ya mazungumzo. Wakili aombe picha hizo mwanzoni kabisa, aziangalie mwenyewe, na ahakikishe afisa wa madai mwenye mamlaka ya kulipa naye ameziona.

Sehemu nyingine inayofanywa kwa haraka ni utafiti juu ya wakili wa upande wa pili. Liebeck alimpata Reed Morgan wa Texas, ambaye kabla ya hapo aliwahi kumwakilisha mwanamke wa Houston aliyeungua kwa kahawa ya kampuni hiyo hiyo na kupata mapatano ya dola 27,500. Maana yake ni kwamba mdaiwa mwenyewe alishaweka bei ya jeraha linalofanana, na bei hiyo ilikuwa juu ya ombi la Liebeck. Pia wakili huyu hakuanza kujifunza somo siku hiyo. Alijua nyaraka gani za kuomba na nani wa kumhoji.

Kesi ilifunguliwa mwaka 1993 katika mahakama ya jimbo, kaunti ya Bernalillo. Morgan alipendekeza mapatano ya dola 90,000, baadaye 300,000, na karibu na siku ya kusikilizwa msuluhishi alishauri 225,000. Yote yalikataliwa. Bei ya mapatano hupanda kwa sababu: kila hatua ya ufichuzi wa nyaraka, ambapo kila upande hulazimika kumpa mwenzake nyaraka zake, ilimwongezea mdai silaha ambazo hakuwa nazo alipoomba 20,000. Ofa inayokaa bila kujibiwa kwa makini katika miezi ya mwanzo hairudi kwa bei ileile.

Malalamiko 700

Silaha kubwa ilikuwa rekodi za kampuni yenyewe. Kati ya 1982 na 1992 ilikuwa imepokea taarifa zaidi ya 700 za watu walioungua kwa kahawa, wengine kidogo, wengine vibaya, na ilishalipa zaidi ya dola 500,000 kumaliza madai hayo. Mwongozo wa kampuni uliwataka wenye migahawa kutunza kahawa kwenye nyuzi 180 hadi 190 za Farenhaiti, yaani takriban 82 hadi 88 za Selsiasi.

Hapa ndipo kazi ya mawakili wadogo inapoonekana. Wakili aliyetoka chuo cha sheria, baada ya shahada ya kwanza ya miaka minne, miaka mitatu ya sheria na mtihani wa uwakili, hutumia sehemu kubwa ya miaka yake ya mwanzo kwenye nyaraka kama hizi, akiandika muda wake kwa vipande vya dakika sita. Wengi huiona kama kazi ya kusubiri kazi. Katika jalada hili ndiyo kazi yenyewe. Mtu akae na taarifa 700 na kuzipanga katika jedwali: tarehe, joto kama lilipimwa, aina ya kikombe na kifuniko, nani alimwaga (mteja au mhudumu), daraja la jeraha, kiasi kilicholipwa. Jedwali hilo hutoa mambo mawili kwa pamoja. Kwanza linamwonyesha wakili mwandamizi ukubwa halisi wa hatari, mapema, wakati mapatano bado ni ya bei nafuu. Pili linatoa msingi wa ombi la awali kwa jaji la kuzuia matukio yasiyofanana na la mdai. Taarifa ya mhudumu aliyemwagia mteja mkononi si tukio la aina moja na kifuniko kilichovutwa na mteja mwenyewe.

Ombi hilo lina mipaka. Mdai akitumia taarifa za zamani kuonyesha kwamba kampuni ilijua hatari, mahakama nyingi hudai mfanano mdogo zaidi kuliko pale anapotaka kuthibitisha kasoro yenyewe. Taarifa nyingi zingeingia kwa mlango huo. Ndiyo maana ombi lisiwe tegemeo. Lilenge kupunguza idadi, na kuleta maelezo ya jaji kwa juri juu ya matumizi ya ushahidi huo.

Wapo mawakili wanaowashauri wateja wasibadilishe chochote kesi ikiwa inaendelea, kwa hofu kwamba kushusha joto kutaonekana kama kukiri. Kanuni ya 407 ya ushahidi katika mahakama za shirikisho inakataza marekebisho yaliyofanywa baada ya tukio yasitumike kuthibitisha uzembe, na New Mexico ina kanuni ya mpangilio huo. Kuna mianya, kwa mfano pale mdaiwa anapodai kwamba mabadiliko yasingewezekana. Hata hivyo, ushauri wa «msiguse kitu» unawaacha wateja wengine waungue na kuongeza taarifa ya 701 kwenye jalada. Huo ni ushauri mbaya kisheria, na ni mbaya zaidi kibinadamu.

Shahidi wa kampuni

Kesi za kampuni mara nyingi huamuliwa na mtu mmoja anayezungumza kwa niaba yake. Hapa alikuwa meneja wa udhibiti wa ubora. Alisema idadi ya walioungua haikutosha kuifanya kampuni ipitie upya utaratibu wake, na kwamba chakula chochote chenye joto la zaidi ya nyuzi 130 za Farenhaiti, takriban 54 za Selsiasi, ni hatari ya kuunguza. Alikubali pia kwamba kahawa hiyo ingeunguza kinywa na koo kama ingenywewa papo hapo inapokabidhiwa.

Kila jibu kati ya hayo linaweza kuwa kweli. Yakiunganishwa, juri inasikia kampuni ikisema: tulijua kinaunguza, tulijua watu wameungua, na hatukuona sababu ya kufikiri. Utetezi wa takwimu uliongeza uzito huohuo. Juri iliambiwa kwamba kulikuwa na tukio moja kwa kila vikombe milioni 24. Hesabu ni sahihi kwa mchambuzi wa hatari. Ila mbele ya juri ameketi mtu mmoja aliyekuwa ndani ya hiyo milioni 24, na mtaalamu anayeeleza kwamba idadi hiyo inakaribia sifuri anaonekana kumwambia yeye ndiye sifuri.

Maandalizi ya shahidi wa namna hii hayawezi kufanywa asubuhi ya siku ya mahojiano ya kiapo. Yanahitaji vikao vitatu au vinne. Cha kwanza ni cha nyaraka tu: asome kila kitu atakachoonyeshwa, zikiwemo taarifa mbaya zaidi. Cha pili ni cha maswali ya dodoso, wakili mwingine wa ofisi akivaa viatu vya upande wa pili bila huruma. Baada ya hapo ndipo mtajua kama mtu huyu anafaa. Shahidi ajue jibu la swali ambalo lazima litakuja: taarifa ngapi zingetosha? Kama kampuni haina jibu, tatizo si la shahidi, na simu inayofuata ya wakili iwe kwa mteja, kuzungumzia mapatano.

Hoja nyingine ya kampuni ilivunjika kwa nyaraka zake. Ilieleza kwamba joto kali lilihitajika kwa kuwa wanunuzi wa dirishani husafiri na kahawa kabla ya kunywa. Utafiti wake wenyewe ulionyesha kuwa wengine hukusudia kunywa wakiwa njiani. Kila sababu anayoitoa mteja ipimwe dhidi ya mafaili yake kabla haijaandikwa kwenye majibu ya madai.

Upande wa mdai ulileta ushahidi kwamba kahawa ya nyuzi 180 za Farenhaiti inaweza kuleta jeraha la daraja la tatu kwa sekunde 12 hadi 15, na ikishushwa hadi 160, yaani 71 za Selsiasi, muda unasogea hadi sekunde 20. Sekunde hizo ndizo mtu huzitumia kuvua nguo iliyolowa. Kwa utetezi, mahali pa kupigania palikuwa hapa, kwenye fizikia ya kahawa kupoa ndani ya kitambaa na ngozi ya mzee, kwa mtaalamu anayeongea kwa utulivu na heshima kwa aliyeumia. Kusema kwamba ngozi ya wazee ni nyembamba, au kwamba hakuvua nguo haraka, huhesabika kama hoja ya kitaalamu ofisini na kama tusi kizimbani.

Hukumu na pesa ya adhabu

Kesi ilisikilizwa Agosti 1994 mbele ya Jaji Robert H. Scott. Juri iliweka fidia ya dola 200,000, ikampa Liebeck asilimia 20 ya lawama, na kubakiza 160,000. Onyo lililokuwa kwenye kikombe juri iliona kuwa ni dogo na halitoshi. Kisha ikaongeza fidia ya adhabu ya dola milioni 2.7. Namba hiyo ilikuwa na chanzo: juri ilisikia kwamba mauzo ya kahawa ya kampuni yalikuwa takriban dola milioni 1.35 kwa siku, na ombi la wakili wa mdai lilikuwa mauzo ya siku moja au mbili.

Wakili wa utetezi anayeona dai la fidia ya adhabu katika hati ya madai aandike mapema ombi la kugawa usikilizwaji: kwanza lawama na hasara, kisha, kama itahitajika, adhabu. Takwimu za mapato ya mdaiwa zinabaki nje ya awamu ya kwanza. Kwa upande wa bima kuna jambo la kumweleza mteja kwa maandishi: majimbo kadhaa hayaruhusu bima kulipa fidia ya adhabu. Kampuni ya bima ikikataa mapatano ndani ya kiwango chake, mteja ndiye anayebaki wazi kwa kiasi kinachozidi. Wakili analipwa na bima lakini wajibu wake ni kwa mteja, na barua inayosema hivyo iwe kwenye jalada kabla ya siku ya usuluhishi.

Baada ya uamuzi wa juri, Jaji Scott alipunguza adhabu hadi dola 480,000, mara tatu ya fidia, na jumla ikawa 640,000. Hakuifuta, kwa kuwa naye aliona mwenendo wa kampuni ulistahili adhabu. Ombi la kupunguza ndilo lililookoa zaidi ya dola milioni 2.2, na liliandikwa bila msaada wa sheria ambayo wakili wa leo anayo. Agosti 1994 mfano wa karibu kutoka Mahakama ya Juu ya Marekani ulikuwa kesi ya TXO ya 1993, iliyoruhusu adhabu ya dola milioni 10 juu ya hasara ya dola 19,000. Mwezi Juni 1994 kesi ya Honda dhidi ya Oberg ilisisitiza tu kwamba lazima kuwe na mapitio ya kimahakama. Vigezo vitatu vya BMW dhidi ya Gore, vya kupima kama adhabu imezidi kiasi, vilikuja 1996, na State Farm dhidi ya Campbell ya 2003 ikasema adhabu inayozidi uwiano wa tarakimu moja kwa fidia, yaani zaidi ya mara tisa, itasimama kwa nadra. Adhabu ya milioni 2.7 juu ya 160,000 ni takriban 17 kwa 1.

Ofisi inayotetea kesi ya aina hii huandaa rasimu ya ombi la kupunguza kabla ya hoja za mwisho, kwa kuwa muda wa kuwasilisha baada ya hukumu huhesabiwa kwa siku na hausubiri mshtuko uishe. Rufaa nayo huambatana na dhamana ya kuzuia utekelezaji, ambayo bima au benki hutaka kuipanga mapema.

Pande zote mbili zilikata rufaa, kisha zikapatana Desemba 1994 kwa kiasi ambacho hakikutangazwa. Kwa sababu hiyo hakuna uamuzi wa mahakama ya rufaa, na kesi hii haifungi mahakama yoyote. Wakili wa mdai akiitaja kama sheria, jibu la utetezi lipo. Mwaka 1998, katika McMahon dhidi ya Bunn-O-Matic, mahakama ya rufaa ya shirikisho ya mzunguko wa 7 ilikubali dai la kahawa ya nyuzi 179 za Farenhaiti litupwe bila kufika kwa juri, kwa kuwa watumiaji wanajua kahawa moto huunguza na mdai hakuonyesha kasoro katika mashine. Mwaka 2002 huko Uingereza, katika Bogle dhidi ya McDonald's, Jaji Field aliwakatalia wadai 36 baada ya kuona kwamba watu hutaka vinywaji vyao viwe moto na wanajua hatari yake. Hoja hizo hizo zingeweza kuandikwa Albuquerque, na zingekuwa na nguvu zaidi zikitetea jalada ambalo halina jibu la dola 800 ndani yake.